Aliyebisha Hodi kwa Mpishi

Mume walimwita Redio, na aliyempa jina hilo hakuhangaika kulitafuta. Mtu akiamka anaongea, akila anaongea, akiingiza kichwa kwenye tumbo la cherehani cha watu kutafuta kilichokwama, anaongea na cherehani chenyewe. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyerehani, na wateja wake walishakubali kwamba mashine itapona ila masikio yao yatarudi nyumbani hoi.

Mke wake alikuwa mshonaji, na yeye naye alikuwa na jina lake la mtaani, Mama Upindo. Hilo alilipata kwa sare za shule. Mafundi wengine wakishona sketi ya mtoto wanakunja kitambaa kiduchu pale chini, basi, wameshamaliza. Yeye alikuwa anakunja upindo wa kutosha hasa, ili mtoto akirefuka mama yake afumue uzi, ashushe, maisha yaendelee. Watu walitania kwamba sketi ya Mama Upindo inamaliza shule kabla ya mwenyewe. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na usidhani ni kwa sababu ya busara. Kwanza, nusu ya siku alikuwa na pini mdomoni. Pili, ukiolewa na Redio zamu yako ya kusema utaipata wapi?

Chumba cha kazi kilikuwa kile cha mbele, kinachotazama barabara. Meza ya kukatia katikati, cherehani dirishani kufuata mwanga, pasi kwenye kona yake, sanamu la kupimia nguo lisilo na kichwa, na kiti cha Redio ambacho mguu mmoja aliuunga mwenyewe kwa bolti ya mashine. Mchana kutwa hapo ni kelele tupu. Jua likishapoa, Mama Upindo alikuwa anafunika cherehani na kushika kazi za mkono: vifungo, matundu ya vifungo, pindo. Kazi hizo hazina kelele. Basi mashine ikinyamaza, Redio inawaka. Anavuta kiti, anavaa miwani, anamsomea mkewe huku mkewe anashona.

Alianza na magazeti. Halafu likaja lile buku.

Buku lililetwa na binti yao wa pekee, aliyesoma mpaka chuo kikuu na sasa anafundisha fasihi kwenye shule moja mbali sana na nyumbani. Alikuja likizo, akaliweka mezani kwa mikono miwili. Hii ni riwaya ya haja, alisema. Imepata tuzo hii, imepata na ile, wakubwa wa fasihi wote wameivulia kofia. Baba anayependa kusoma hataiweka chini. Jalada lilikuwa la kijani, na mgongoni limejaa sifa kutoka juu mpaka chini, hakuna hata nafasi ya kupumua. Redio akalipima uzito mkononi, akasema hili hata likitushinda kulisoma litafaa kuzuia mlango usijifunge. Binti alicheka, ila alicheka kidogo.

Kusema kweli, jioni za mwanzo Mama Upindo hakuona utamu wowote. Kuna bwana mmoja amesimama dirishani. Anatazama ukuta. Anakumbuka ukuta mwingine. Ukungu unashuka. Bwana anafikiria neno "jana", kwa nini liitwe jana. Redio alikuwa anasoma kwa sauti yake ile ile nzuri, anaipandisha, anaishusha, lakini ukuta ni ukuta. Jioni ya pili au ya tatu usingizi ukamchukua Mama Upindo sindano iko vidoleni, akashtuka imeshamchoma. Akaona haya, akaomba radhi. Redio akafunga buku, akamtazama kwa juu ya miwani, akasema hamna neno, huenda kesho mambo yakachangamka.

Na kweli, kesho yake yakachangamka. Akaingia Mpishi.

Jamani, huyo Mpishi! Alikuwa anapika kwenye nyumba ya wapangaji, nyumba ya ghorofa yenye ngazi za mbao zinazolia, mwanamke wa mdomo mkali na moyo laini, anayemjua kila mpangaji kwa jinsi anavyoshuka zile ngazi. Chumba cha juu kabisa alikaa fundi saa mmoja mpole. Siku moja fundi saa akaitwa safari ya ghafla, alfajiri, taa haiwaki, akavaa viatu gizani akaondoka. Kulipokucha Mpishi akapanda kufagia, akakuta chini ya kitanda kiatu cheusi cha kulia na kiatu cha kahawia cha kushoto. Yaani bwana wa watu kaenda zake na vilivyobaki, kimoja hivi kimoja vile, na huko aliko wanamtazama miguu. Alikuwa ameacha neno moja tu, kwamba chumba wasikipangishe, atarudi. Basi Mpishi akavichukua vile viatu viwili visivyoelewana, akawa anavipiga rangi kila wiki. Mwenye nyumba anamcheka. Wapangaji wanamcheka. Yeye anapiga rangi.

Hadithi hiyo ilitembea jioni nyingi, wakati wa mvua na wakati wa jua. Mama Upindo alianza kuacha makusudi kazi za mkono zirundikane, ili jioni ziwe ndefu. Alimtetea Mpishi kwa sauti, yeye asiyesema. Mwenye nyumba alipotaka kuvitupa viatu jalalani, Mama Upindo alitema pini, akasema mtu huyo na aanguke kwenye ngazi zake mwenyewe, tumwone. Jioni iliyofuata Redio akafungua buku, akasoma, na mwenye nyumba akaanguka kwenye ngazi, akateguka mguu, akawa mpole kama mgonjwa yeyote. Mama Upindo alifurahi wiki nzima. Aliona huyo mwandishi ana akili na anajua haki, ndiyo maana wakampa tuzo.

Kila jioni Redio alikuwa anaikata hadithi pale pale panapouma. Anafunga buku, anasema neno walilolitoa kazini: "Hapa tuache upindo." Maana yake tubakize kidogo, kesho tushushe.

Jioni ya mwisho ilikuwa hivi. Miguu ya Redio ilikuwa imeanza kuvimba, na daktari alishamwambia aende kulazwa, moyo haufanyi kazi sawasawa. Yeye akasema ataenda kesho, leo ana shughuli. Akakaa kitini, akavua viatu vilivyokuwa vinambana, akavisukuma chini ya meza ya kukatia, akasoma. Kule kwa Mpishi mvua inanyesha. Wapangaji wamelala, ngazi zimenyamaza. Mpishi yuko peke yake jikoni, mara anasikia hodi mlango wa mbele. Si hodi ya mwenye nyumba, si hodi ya mpangaji yeyote anayemjua. Mpishi akafuta mikono kwenye aproni, akachukua taa, akaenda, akaweka mkono kwenye komeo. Hapo Redio akashusha miwani.

"Fundi wangu," alisema, "wewe ungependa awe nani?"

Mama Upindo alikuwa anakata uzi kwa meno. "Unaniuliza mimi? Wewe soma kilichoandikwa."

Redio akacheka, akafunga buku. "Haya. Tuache upindo."

Kesho yake alikwenda hospitali na ndala, kwa sababu viatu vilikataa kuingia. Hakurudi.

Sasa tusizunguke mbuyu. Mama Upindo alimkosa mume wake mpaka akaumwa. Watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka, binti akarudi kazini kwake, na chumba cha mbele kikabaki na sanamu lisilo na kichwa na kiti chenye bolti. Alichokosa zaidi ni ile saa ya jioni. Akifunika cherehani, kimya kinamvamia. Kwa hiyo akaacha kukifunika. Akawa anashona kwa mashine mpaka giza liingie, hata vitu vya kushona kwa mkono akavipitisha mashineni, na wateja wake wa zamani wakaanza kunong'ona kwamba pindo za siku hizi zina mshono wa nje.

Na lile swali halikumwacha. Anampima mtu kiuno, swali linakuja: nani alibisha hodi? Ni fundi saa amerudi? Kama ni yeye, Mpishi alimwambia nini baada ya kungoja kote kule? Na kama si yeye, maskini, atarudi jikoni na uso gani? Jibu lilikuwa pale pale rafuni, juu ya makopo ya vifungo, ndani ya jalada la kijani. Kusoma alikujua, shule alikwenda. Lakini aliogopa. Alijiambia kwamba maadamu hajalifungua, kuna kitu Redio bado hajamaliza kumwambia. Akilimaliza buku, atakuwa amemmaliza na yeye. Akaliacha hivyo zaidi ya mwaka, na kila alipofuta vumbi alilifuta na buku, na alipofagia alivitoa vile viatu chini ya meza, akavipangusa nyuzi, akavirudisha.

Aliyemchokoza ni wifi yake, dada yake Redio, msusi mwenye saluni upande wa pili wa barabara. Wifi huyo alikuwa na mdomo kama wa kaka yake, pengine ndio urithi walioachiwa. Siku hiyo aliingia kupunguziwa gauni, akaviona viatu, akaanza. Viatu vizima, vya ngozi, vinakaa kungoja panya? Apewe mtu avae. Mama Upindo akajibu bila kufikiri kwamba atampa mtu akishajua nani alibisha hodi. Wifi akamtazama, akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Mama Upindo akaona aibu kidogo, na jioni ile ile akafunika cherehani, akalishusha buku rafuni.

Ilibidi aanze mwanzo, kwa sababu Redio hakuwahi kuweka alama ndani ya buku. Alikuwa anasema buku lenyewe linajua lilipoishia. Mama Upindo akavaa miwani, akakaa kwenye kiti chenye bolti. Bwana yule yule, dirishani. Ukuta ule ule. Safari hii hakuna sauti ya kuupandisha wala kuushusha, kuna ukuta peke yake, na kila sentensi ndefu kiasi kwamba ukifika mwisho umesahau ulikotoka. Lakini kwenye pembe ya kila karatasi kulikuwa na alama nyeusi ya dole gumba, mafuta ya cherehani, na hiyo ilimtia nguvu. Alikuwa anaweka dole lake juu ya lile dole ndipo anafunua. Akajikaza kisabuni. Alishangaa tu mbona kurasa hizi za mwanzo zimechafuka hivi, pembe nyeusi kabisa, utadhani zimefunuliwa kila siku ya Mungu.

Binti alipopiga simu akamwambia anasoma lile buku la Baba. Binti alifurahi mpaka sauti ikabadilika. Akamwomba asifanye haraka, aonje lugha, maana humo mhusika mkuu hasa ni kumbukumbu. Mama Upindo akaitikia ndiyo mwanangu, huku anajiuliza hiyo kumbukumbu nani anaipikia. Mwishoni akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo tu, Mpishi anaingia ukurasa gani. Binti akasema hamkumbuki mpishi yeyote, labda ni mhusika mdogo, yeye alilisoma zamani chuoni. Mdogo! Mama Upindo alikata simu akiwa amenuna kwa niaba ya Mpishi.

Akaendelea. Jioni ukurasa, jioni nusu ukurasa. Alama yake ilikuwa futi ya kupimia, na hiyo futi haikutembea. Alisinzia mara nyingi kuliko anavyotaka nikuambie. Ikafika wakati hasomi tena, anateremsha kidole tu akitafuta neno "mpishi", na akilikosa atafute "kiatu". Jioni moja akaliona. Kiatu! Akavua miwani akaifuta, akasoma vizuri. Ilikuwa "mwangwi wa kiatu katika jana isiyokuwapo". Akaisoma tena. Akageuza ukurasa kwa pupa. Bwana bado yuko dirishani.

Siku iliyofuata, saa za alasiri, wifi yake alikuwa amekuja kufuata gauni lake, kalivaa hapo hapo, kakaa juu ya meza ya kukatia anachezesha miguu, anamtania kwamba amekuwa profesa sasa, atatusahau. Mama Upindo alikuwa na buku magotini. Akanyoosha mkono afunue, karatasi haikufunuka. Akajaribu nyingine, nayo ngumu. Akainua buku usawa wa macho. Karatasi zilikuwa zimeshikana kwa juu, rundo zima. Huko kiwandani karatasi kubwa ilikunjwa, na kisu cha kukatia kikapita bila kuigusa. Mwingine angelitazama muda mrefu asielewe, ila mshonaji anajua kitambaa kilichokunjwa ambacho mkasi haujapita. Akaingiza kidole ndani kama anavyoingiza kwenye mkono wa nguo. Kusafi. Akatafuta lile dole jeusi kwenye pembe, kwa nje, kwa nyuma, kwenye kurasa zote zinazofuata mpaka jalada. Hakuna. Nyeupe kama siku zilipotoka kiwandani.

Akarudi kwenye zile chache za mwanzo, zilizochafuka. Zile zile. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, kila jioni.

"Wifi," alisema polepole, "kaka yako hajafika hapa."

Akalisogeza, akamwonyesha mafuta, akamwonyesha karatasi zilizoshikana, na kwa kuwa ilibidi aeleze, akaeleza: Mpishi, fundi saa, viatu, mwenye nyumba na mguu wake, hodi, komeo. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu aolewe. Wifi alisikiliza yote kinywa wazi, na alipoelewa akacheka mpaka akashuka mezani akakaa chini, machozi yanamtoka, gauni lake linajikunja.

Akasema kaka yake ndivyo alivyo toka utotoni. Baba yao alipopofuka macho, yeye ndiye aliyekuwa anamsomea gazeti kila asubuhi, na siku ambayo gazeti halina ladha alikuwa anatia chumvi. Si kidogo. Mzee alikwenda kwa kinyozi akagombana na watu wazima wenzake nusu siku nzima juu ya waziri aliyejiuzulu kwa sababu mbuzi amekula hotuba yake. Kila mtu akaapa hajasikia habari hiyo. Mzee akaapa imeandikwa. Na wewe wifi yangu, alisema, jioni zote hizo hukuona kwamba anafunua kurasa tatu za mwanzo tu?

"Macho yangu yalikuwa kwenye sindano," Mama Upindo alisema.

Hakucheka. Alikuwa amekasirika, na hasira yake haikuwa na pa kwenda. Mtu amemuuzia mbuzi kwenye gunia mwaka mzima, halafu kaingia kaburini, utamdai nani? Akalirusha buku mezani, likaangusha sahani ya pini. Akainama kuokota pini, na huko chini ya meza, akiwa amepiga magoti usawa wa vile viatu, ndipo jambo lenyewe lilipomfikia vizuri. Kama Mpishi hayumo kitabuni, basi jibu halimo rafuni, halimo kwa binti, halimo kwa yeyote duniani. Alikuwa nalo mtu mmoja. Alilia kule kule chini. Wifi akaacha kucheka, naye akaingia chini ya meza, akamshika mgongo.

Binti alipigiwa simu jioni hiyo hiyo. Mama Upindo alimwambia wazi: mwanangu, buku lako limenishinda, naliweka chini, usinikasirikie. Binti hakukasirika. Alisema si lazima, na yeye kuna vitabu vya sifa tele vilivyomshinda, ila hicho kilimkamata akiwa chuoni, mpweke, chumba kisicho na mtu wa kuongea naye, na huko dirishani kwa yule bwana alijiona mwenyewe. Mama Upindo alikuwa hajui kwamba mtoto wake alikuwa mpweke. Basi akaliheshimu buku kidogo kwa ajili hiyo. Hata nguo, ina mtu wake inayemkaa.

"Lakini Baba alikuwa anajitahidi," binti akasema. "Kila nikimuuliza amefika wapi, alikuwa ananiambia bado yuko dirishani. Nilidhani anatania."

Usiku huo Mama Upindo hakumfikiria tena yule bwana wala ukungu wake. Alimfikiria mwenye nyumba. Mwenye nyumba alianguka kwa sababu nani? Alisema yeye, na aanguke, na kesho yake akaanguka. Alipolalamika Mpishi anachoka, Mpishi akapata siku ya kupumzika. Aliposema yule mpangaji mlevi anamkera, mpangaji akahama. Jioni zote zile Redio alikuwa anamchukua vipimo, na kesho yake analeta nguo imeshonwa. Alimwona amesinzia na sindano imemchoma, ndipo akamletea Mpishi. Na jioni ya mwisho akashindwa kukata bila kipimo, akauliza. "Wewe ungependa awe nani?" Alimuuliza kweli. Yeye akamjibu soma kilichoandikwa. Hilo ndilo lililomuuma kuliko udanganyifu wote. Angejibu tu. Neno moja, na Redio asingeondoka bila kulijua.

Kesho yake, jua lilipopoa, alifunika cherehani. Alikuwa ameweka kando sketi za shule, rundo zuri, za kushonwa pindo kwa mkono. Wifi aliingia akitokea saluni, mikono inanuka mafuta ya nywele, akatoa mkoba begani, akakivuta kiti chenye bolti kama mwenye nacho. Hakuombwa. Akalichukua buku mezani, akalifungua kupita zile karatasi zilizoshikana, akaligeuza juu chini na hakujisumbua kuligeuza tena.

"Haya," alisema. "Tulifika wapi?"

Mama Upindo alitaka kumwambia aache utoto. Akaitazama ile miwani ya Redio ambayo wifi alikuwa ameiokota rafuni na kuivaa, imemkaa upande. Akatunga uzi.

"Kaweka mkono kwenye komeo," alisema.

Wifi hakuwa na sauti ya Redio. Alikuwa na sauti ya msusi anayemwita mteja kutoka ng'ambo ya barabara. Alisoma kwamba mvua ilikuwa inanyesha, mvua kubwa haijapata kuonekana, mabati yanang'oka, akaona amezidisha, akarudisha mabati. Mpishi akavuta komeo. Mlango ukafunguka. Akainua taa. Na aliyekuwa amesimama pale mlangoni alikuwa, alikuwa, hapo wifi akakwama, akainua macho.

"Wifi yangu, ungependa awe nani?"

Mama Upindo alizitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Ni yeye," alisema. "Kalowa. Ana ndala miguuni."

Wifi alifungua mdomo amkumbushe kwamba fundi saa aliondoka na kiatu cheusi na cha kahawia. Akatazama chini ya meza, akaufunga mdomo. Alikohoa kidogo, akaiweka sawa miwani.

"Na Mpishi akamwambia nini?"

"Akamwambia ingia ndani. Viatu vyako ninavyo."

Wifi akatikisa kichwa kwamba ndivyo, ndivyo ilivyoandikwa. Machozi yakamshuka bila kujificha, akauliza kama hapo ndipo pa kuacha upindo.

"Hapana," Mama Upindo alisema, na akavuta sketi ya kwanza magotini. "Wewe soma. Wamekaa jikoni, anamwekea chakula."

Wifi akalowesha kidole, akafunua ukurasa.